Cheni Iliyoruka Katika Gari la Baba Yake

Nilimwahidi mchumba wangu kwamba, mbele ya baba yake, sitamsema vibaya fundi aliyelitengeneza gari la mzee kabla halijaharibika. Aliniomba ahadi hiyo tukiwa tumesimama nje ya uzio wa shule anakofundisha, watoto wakipita kando yetu na madumu ya maji, naye alikuwa akipangusa chaki vidoleni kwa bidii ambayo chaki ile haikustahili.

“Hata nikikuta amekosea?” niliuliza.

“Hata ukikuta amekosea. Mwambie mwenyewe, mkiwa wawili. Baba usimwambie.”

“Na baba akiniuliza?”

“Wewe umesoma. Utajua namna ya kunyamaza.”

Niliahidi. Sikumuuliza sababu kwa kuwa niliijua, na kuijua hakukunisaidia. Fundi yule alituma mshenga kwao kabla yangu. Baba alifurahi, binti akakataa, na kwa namna ambayo mpaka leo inanishangaza, hakuna aliyemnunia mwenzake. Familia zao zilipakana huko Inyonga tangu wao wawili wakiwa wadogo. Walichota maji kisima kimoja na kupata kipaimara siku moja. Baada ya kukataliwa aliendelea kuja Ilembo, hapa Mpanda, ambako mzee alikuwa amehamia, akala, akatania, akalihudumia gari la mzee kama kwamba halikutokea jambo. “Nimemnyima mke,” mchumba wangu aliniambia siku ile penye uzio. “Sitaki nimnyime na baba.”

Hayo ni maneno ya mtu mwenye utu, nami nimejitahidi kuujenga moyo wangu uheshimu utu kuliko mambo mengine mengi. Lakini niliyasikia kwa sikio jingine. Nilisikia kwamba ndani yake kuna chumba ambamo mtu mwingine bado amekaa kwa raha, na kwamba mimi nimeombwa nilinde mlango.

Wivu wangu haukulishwa na mambo makubwa. Ulilishwa na kigoda. Fundi yule alipofika nyumbani kwao aliingia jikoni mwenyewe, akatoka na kigoda, akakaa popote alipotaka kivuli. Mimi nilisimama mpaka niambiwe karibu. Mama wa nyumba aliniuliza kila mara kama ninakula dagaa. Yeye hakuulizwa, alitengewa. Mzee alimwita “mwanangu.” Mimi nilikuwa “kijana,” na siku ambazo moyo wake ulikuwa mwepesi, “bwana chuo.” Cheo hicho nacho hakikuwa cha haki, maana fundi yule alisoma chuo kilekile cha ufundi wa magari nilichosoma, akanitangulia, na sasa ana gereji yake karibu na stendi, yenye sakafu ya saruji na ovaroli zinazofuliwa. Ningependa sana awe mtu wa kubahatisha. Ningeweza kumhurumia, na mtu unayemhurumia humwonei wivu. Hakunipa nafasi hiyo.

Pikapu ya mzee ni ya zamani, yenye injini ya petroli, na riziki ya nyumba ile inapita juu ya magurudumu yake. Mzee ni Mkonongo, mfugaji wa nyuki. Mizinga yake iko kwenye miombo upande wa Inyonga, na asali huletwa Mpanda kwa ndoo. Kabla ya masika yaliyopita fundi yule aliibadilisha cheni ya taimingi ya gari hilo, yaani ile cheni inayounganisha krenki iliyo chini na kemshafti iliyo juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati ambao pistoni zinazihitaji. Kisha kiangazi kikaingia. Siku moja mzee akiwa anarudi na ndoo zake, injini ilianza kugonga kama maharage makavu yanayotikiswa kwenye kopo, ikakohoa, ikazima. Lori lililobeba tumbaku lilimvuta kwa kamba mpaka uani kwake.

Alinipigia mimi.

“Njoo uone mwenzako alichonifanyia,” alisema. “Nimemkataza asikanyage hapa.”

Nilikwenda kwa furaha, na sioni faida ya kuificha. Mshenga wangu alikuwa amekwisha kufika katika nyumba ile zaidi ya mara moja, na kila mara alirudi na jibu lilelile, kwamba mambo yakitulia watazungumza. Mama yangu huko Kibaoni aliacha kuniuliza, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kuulizwa. Sasa mzee mwenyewe ameniita, kigoda kimebaki jikoni, na neno “mwanangu” limekosa wa kuliitikia. Nilijua kwamba jibu la posa yangu lilikuwa ndani ya injini ile. Kazi yangu ikimridhisha mzee, nitapewa. Nikimkwaza, mambo hayatatulia kamwe.

Hapa Mpanda mafundi tuna desturi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Injini iliyofungwa na mwenzako huifungui kabla ya kumwarifu. Akikataa, atakuja aifungue mwenyewe. Akikubali, kazi inakuwa yako pamoja na lawama zake. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama mbele ya boneti, huku nikitumaini kwamba sauti yake itakuwa na aibu.

“Fungua tu, shemeji,” alisema. Nyuma yake redio ilikuwa ikiimba na mtu alikuwa akigonga bati. “Ukikuta spana yangu ya kumi humo ndani, nirudishie. Naitafuta tangu kabla ya masika.”

“Mzee amekasirika.”

“Najua. Hapokei simu zangu.” Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, “Angalia vizuri basi. Usinionee.”

“Siwezi kukuonea.”

“Ndiyo maana nakuogopa. Ungekuwa mwongo kidogo ningejua pa kukushikia.”

Neno lililobaki sikioni baada ya simu kukatika lilikuwa “shemeji.” Posa haijajibiwa, na mtu yule amekwisha kuniita shemeji. Alikuwa amejihamisha kutoka mchumba aliyekataliwa mpaka kaka wa binti, bila kuteremka hata ngazi moja, na kutoka huko alikuwa akinikaribisha mimi katika ukoo ambao na yeye hakuzaliwa ndani yake.

Nilianza kazi. Nilitoa plagi, nikafungua kifuniko cha valvu, nikaweka spana kwenye boliti ya puli ya krenki na kuizungusha injini kwa mkono, polepole, mpaka mkwaruzo ulio kwenye puli ukakaa kwenye sifuri. Hapo pistoni ya kwanza huwa imefika juu kabisa, na alama iliyo kwenye gia ya kemshafti inapaswa kulingana na ukingo wa silinda hedi. Alama ilikuwa imepita.

“Imeruka?” aliuliza mzee. Alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu, fimbo kati ya magoti.

“Imeruka meno, baba.”

“Mimi nilisema.”

Hakusema jina, wala hakuhitaji. Nikainama tena, na kuanzia hapo, chini ya jicho la mzee, sikuwa nikitafuta ubovu peke yake. Nilikuwa nikimtafuta mtu. Nilitafuta boliti iliyokazwa nusu, gasketi iliyokatwa kwa meno, cheni ya bei ya chini. Cheni ilikuwa nzuri na ya saizi yake. Boliti zilikaa kama zilivyopaswa. Kwenye gia, na kwenye pingili ya cheni iliyopaswa kukutana nayo, palikuwa na vitone vya rangi nyeupe vilivyowekwa kwa brashi ndogo, ili fundi atakayefungua baadaye asihangaike. Tulifundishwa heshima hiyo chuoni, na wengi wetu huiacha siku ya mwisho ya mtihani. Yeye hakuiacha. Nilivitazama vitone vile kama mtu aliyekuta salamu nyumbani kwake ambayo haikuandikwa kwa ajili yake.

Nikafikia tenshena. Ni kifaa kidogo kinachoisukuma cheni ili isilegee, nacho hupata nguvu yake kutoka kwenye mgandamizo wa oili inayoingia kupitia tundu dogo sana. Nilikitoa nikakibonyeza kwa kidole gumba, kikabonyea bila ubishi. Tundu lilikuwa limeziba. Nilichokonoa kwa ncha ya waya mwembamba, na kilichotoka kilinifanya nikae chini kwenye mchanga. Zilikuwa nyuzi. Nyuzi za pamba, zimekuwa nyeusi kwa oili, zimesokotana kama nywele kwenye kitana. Ndani ya injini hakuna kitu kilichotengenezwa kwa pamba.

Yeyote aliyewahi kula asali ya mzee anajua anavyoichuja. Hutandika kitambaa cheupe cha pamba juu ya ndoo, akamimina, akakaa kando yake alasiri nzima. Hamruhusu mtu akikamue kitambaa, kwa kuwa kukamua, anasema, ni kumsukuma mgeni aliye njiani. Asali yake inasifiwa mpaka mjini. Na ukutani, nyuma ya banda la kuni, kilining’inia kitambaa kingine cha namna hiyohiyo, cheusi na kigumu, juu ya ndoo yake. Nilikuwa nimekiona siku nyingi nikidhani ni cha kufutia mikono. Nilikwenda nikakinusa. Kumbe mzee alikuwa akiimwaga oili chakavu ya gari, anaichuja kwa uvumilivu uleule anaochujia asali, kisha anairudisha kwenye injini akiamini ameisafisha. Kitambaa kilichokuwa kikinyonya oili ya moto kilichakaa, nyuzi zake zikasafiri, na siku moja zikapata tundu la tenshena.

Nilikuwa bado nimesimama pale mchumba wangu aliporudi kutoka shuleni. Aliniletea chai, akasogea karibu kuliko kawaida.

“Ni yeye?” alinong’ona.

Hakuuliza kama gari litapona. Hakuuliza kama nimekula. Macho yake yalikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona ikiwa kwa ajili yangu, na nilijikuta nikitamani, kwa muda mfupi uliojaa uchungu, mimi ndiye niwe nimelifunga gari lile, mimi ndiye niwe nashukiwa, ili nione kama macho yale yangekuja vilevile.

“Bado naangalia,” nilimjibu, na sikumdanganya. Nilikuwa nikiutazama uso wake.

Nikarudi kwenye injini, na mikono yangu ilipokuwa ikifanya kazi, akili yangu ilifanya hesabu nyingine. Ahadi yangu ilinitaka nisimseme vibaya. Haikunitaka nimsemee. Ningeweza kulisafisha tundu, kuweka oili mpya, kukiondoa kitambaa kimyakimya, na mzee akiuliza, nikatazama chini. Angemalizia mwenyewe. Ahadi ingekuwa imetimizwa neno kwa neno, na kigoda kingebaki jikoni daima. Kwa muda wote niliokaa nikisoma maadili ya kazi, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukatili unaweza kufanywa na mtu aliyefumba mdomo tu na kushika ahadi yake.

Cheni iliyoruka haitaki hasira. Kwanza niliirudisha krenki nyuma kidogo ili pistoni zote zikae katikati, maana ukizungusha kemshafti wakati pistoni iko juu, valvu itagonga. Niliifunga cheni kwa waya ili isitumbukie chini, nikaitoa kwenye gia ya juu, nikaizungusha kemshafti kwa spana mpaka alama yake ikalingana na ukingo. Nikairudisha krenki kwenye sifuri. Nikaivalisha cheni upya, pingili yenye kitone cheupe juu ya jino lenye kitone cheupe. Alama za mkono wake ndizo zilizoniongoza. Nikafunga tenshena, iliyokwisha kusafishwa, ikaikaza cheni.

“Piga stata tujue moja,” alisema mzee.

“Bado, baba. Nazungusha kwa mkono kwanza. Kama kuna valvu iliyopinda, stata itamalizia kuivunja.”

“Nyie wa chuo waoga sana.”

“Tunaogopa kwa niaba ya gari, baba.”

Alicheka puani. Nilizungusha, nikisikiliza kwa kiganja kama kuna mahali injini inagoma. Haikugoma. Alama zilirudi mahali pake. Nikapima mgandamizo wa kila silinda, na kila silinda ikajibu. Hakuna valvu iliyopinda. Gari lilikuwa limepona, na sasa sikuwa na kazi nyingine ya kujificha nyuma yake.

“Haya, sema,” alisema mzee. “Alikosea wapi?”

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilizichukua zile nyuzi kutoka kwenye kipande cha gazeti nilipoziweka, nikampa mzee kiganjani.

“Nini hizi?”

“Nyuzi, baba. Zilikuwa zimeziba tundu la oili. Tenshena ikakosa nguvu, cheni ikalegea, ikaruka.”

“Alisahau kitambaa humo ndani?”

“Hapana, baba.”

Nilitazama upande wa banda la kuni. Macho yake yaliyafuata yangu, yakafika kwenye ndoo, yakakaa huko.

“Asali yangu haina hata mguu wa nyuki,” alisema polepole.

“Ni kweli, baba.”

“Na kitambaa ni kilekile.”

“Asali inapita kooni kwa mtu. Oili inapita kwenye tundu ambalo uzi mmoja unatosha kuliziba. Na uchafu ulioiua oili, kitambaa hakiuoni.”

“Kwa hiyo ni mimi.”

Nilitaka kumwambia hapana. Nilimtaka awe baba mkwe wangu kuliko nilivyokuwa nimewahi kutaka kitu. “Fundi alifunga vizuri,” nilisema. “Hata mimi nisingefunga vizuri kumzidi.” Sentensi hiyo ya pili hakuna aliyeniuliza. Ilitoka kwa sababu ilikuwa kweli, na iliponitoka niliihisi ikinikwaruza.

Mzee aliinuka, akaingia ndani. Nilianza kufuta spana moja moja na kuzipanga kwenye boksi, nikiamini kwamba posa yangu imeingia ndani pamoja naye. Mchumba wangu hakuondoka mlangoni. Kisha mzee akatoka, simu sikioni.

“Mwanangu,” alisema. “Uko wapi? Acha hiyo kazi uje.”

Fundi alifika kwa pikipiki, akiwa amebeba galoni la oili mpya aliloagizwa. Aliingia jikoni, akatoka na kigoda, na mzee akamwonyesha zile nyuzi. Nilimwaga oili ya zamani, nikaweka hiyo mpya, nikapiga stata. Injini ikashika mara moja, ikatulia. Mzee hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. Fundi akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza akiwa amefumba macho, na uani pote tukamsubiri.

“Imekaa,” alisema. “Shemeji ana mkono.”

Hapo ndipo mzee akatabasamu. Kazi yangu ilikuwa haijawa nzuri mpaka mtu yule alipoiita nzuri.

“Lakini mzee,” fundi akaendelea, “gari umelinywesha shuka zima?”

“Shuka gani. Kitambaa.”

“Ungeniambia nikuletee na mto, lilale kabisa.”

Mzee alicheka mpaka akashika fimbo. Mama alicheka. Mchumba wangu alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Katika nyumba ile, aliyekosewa hupewa asali kabla ya kuombwa radhi kwa maneno. Mzee aliingia akatoka na ndoo ya asali, akaiweka miguuni pa fundi. Mimi niliambiwa, “Asante, kijana.” Najua kwamba ilikuwa haki. Yeye ndiye aliyesingiziwa, si mimi, na mimi ndiye niliyeleta ushahidi wa haki hiyo kwa mkono wangu. Niliitazama ndoo ile kwa muda mrefu.

Mzee alipokuwa akiteremsha boneti, alisema bila kunigeukia, “Mwambie mshenga wako aje Jumapili, baada ya misa.”

Jambo nililolisubiri lilikuja hivyo, mgongo ukiwa umenigeukia. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa yeye fundi.

“Usafiri niachieni mimi,” alisema. “Bibi harusi nitamwendesha mwenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa.”

“Nani mwingine?” alijibu mzee, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza.

Mchumba wangu alinisindikiza mpaka barabarani. Alinishika mkono ulionuka petroli, akasema asante.

“Kwa gari?” niliuliza.

“Kwa kumsemea.”

Nilipanda bodaboda nikiwa nimepewa yote niliyoyaomba, na moyo ukiwa mahali palepale. Nimefikiria sana jambo hili tangu siku hiyo, na sijapata njia ya kulipamba. Kusema kweli hakukuniondolea wivu. Niliitenda haki nikiwa na wivu, nikamaliza kuitenda nikiwa na wivu, na ninapoandika haya, kadi za mwaliko zikiwa zimeanza kugawiwa, bado ninao. Ninampenda mwanamke yule na nitamwoa. Atakayemleta kwangu ni mtu yule, kwa pikapu ileile, akiwa ameiosha na kuifunga riboni, na njiani watacheka kwa mambo ya Inyonga ambayo mimi sikuwapo.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, ukialikwa na ukafika, ukamwona akimfungulia mlango wa gari nami nimesimama ngazini pa kanisa, naomba usinisifu kwamba nina moyo mkubwa. Nisalimie tu, kisha uingie ndani ukakae.